Goti la Mama na bushi za boti

Kutoka barabarani hadi mlangoni kwa Mama, Igogo, Mwanza, kuna vidato 83. Vya chini ni vya saruji. Ukishapita nusu, unakanyaga jabali lenyewe, lile ambalo mvua za miaka mingi zimelisugua likawa kama mgongo wa kiboko. Picha za Jiji la Miamba mnazoziona mitandaoni zinaonyesha nyumba zilizopachikwa kati ya mawe na ziwa likimeremeta kwa chini. Hazimwonyeshi mwanamke wa miaka 67 anayeshuka kinyumenyume, mkono mmoja jabalini, mwingine umeshika ndoo.

Mama alishuka hivyo karibu mwaka mzima kabla sijajua. Mimi naishi Nyakato, nikija ni Jumapili, na Jumapili namkuta ameshakaa zamani, chai iko mezani, anacheka. Jirani ndiye aliyenipigia simu. "Baba, njoo siku ya kazi umwone mama yako. Anashuka kama mtoto anayejifunza ngazi."

Zaidi ya miaka 30 Mama ameuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Ni kazi ya kuchuchumaa: unachuchumaa kuchambua, unachuchumaa kupima sado, kisha unainuka na mzigo. Goti la kulia lilipoanza tulifanya wanavyofanya wote. Tulisema ni baridi yabisi, tukanunua dawa ya kuchua, tukanunua vidonge, na dada yake wa Magu akaleta majani ya kukanda. Baadaye zikaja sindano za ndani ya goti. Ya kwanza ilimpa miezi minne ya raha, ya pili mwezi na nusu, ya tatu hata Jumapili iliyofuata haikuiona. Mguu nao ukaanza kuingia matege, goti likitoka nje kama upinde.

Daktari bingwa wa mifupa alipandisha eksirei kwenye taa, akaweka ncha ya kalamu upande wa ndani wa goti. Hapakuwa na nafasi. Mfupa wa paja umekaa juu ya mfupa wa muundi, kavu kwa kavu. "Mama, goti limesagika. Gegedu imekwisha. Dawa zimefanya kazi yake zimemaliza." Halafu akasema neno lililomfanya Mama ashike kitenge chake kwa mikono miwili: kubadilisha goti. Wataondoa nyuso za mifupa zilizoharibika na kuweka chuma na plastiki.

Hapo niseme kazi yangu. Mimi ni mkereza vyuma. Kazi kubwa ya karakana yetu ni bushi, yale mabomba mafupi yanayokumbatia shafti inayozunguka: za pampu, za mashine za kusaga, na hasa za shafti za boti zinazotoka kuvua. Kwa hiyo mwenzangu mwingine angesikia "chuma na plastiki" angeingiwa na hofu. Mimi nilisikia neno nililolijua, nikauliza kabla sijajizuia: "Chuma gani, dokta? Na plastiki ya unene gani?"

Alinitazama kidogo, akafungua droo, akanipa goti la mfano nilishike.

Nimelishika kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kipande cha juu, kinachovalishwa mwisho wa mfupa wa paja kama kofia, ni mchanganyiko wa kobalti na kromiamu, kimepigwa msasa mpaka unajiona uso. Nilipitisha ukucha nikitafuta alama ya kisu, hakuna. Kipande cha chini ni kisahani cha titani chenye mguu mfupi unaoingia ndani ya mfupa wa muundi. Katikati yao kuna plastiki nyeupe, iliyochongwa mabonde mawili ya kupokea mabonge mawili ya mviringo ya ile kofia, tuyaite viuno. Hiyo plastiki ni polietilini. Ndiyo, ukoo mmoja na mfuko wa rambo tulioupiga marufuku Juni 2019, ila hii ya goti nyuzi zake za molekuli ni ndefu mno, na inastahimili msuguano kiasi cha kunishangaza. Nyuma ya pia ya goti wakati mwingine huwekwa kifungo cha plastiki hiyohiyo. Wamarekani hukiweka karibu kila mara, nchi za Skandinavia mara chache, na wote wana sababu zao.

Wazo la kifaa nililielewa papo hapo. Kwenye boti, shafti ni ngumu na bushi ni laini, na bushi ndiyo iliyokubali kufa ili shafti ipone. Ukisuguanisha vigumu viwili, vyote viwili vinakuja karakanani. Goti bandia limejengwa kwa mkataba huohuo: chuma kinang'aa, plastiki inaliwa polepole, na hesabu yote ya mbunifu ni jinsi ya kuifanya iliwe polepole zaidi.

Tatizo ni kwamba nilirudi nyumbani na simu.

Wiki sita nilikuwa nalala saa saba usiku nikisoma aina za magoti. Mke wangu alisema nimepata mchepuko wa titani. Niliandika kwenye daftari la kazi, ukurasa wa kushoto vipimo vya wateja, wa kulia magoti. Nawaeleza nilichokiona, kwa lugha ya karakana, maana nilipokuwa natafuta sikuona mtu aliyekieleza hivi.

Anzeni na lililoshindwa, kama tunavyofanya na spea. Mwaka 1890 huko Berlin, daktari Themistocles Gluck alimwekea mgonjwa goti la pembe ya ndovu. Miaka hiyohiyo pembe za bara letu zilikuwa zikishuka pwani mabegani mwa wapagazi, Wanyamwezi na Wasukuma wengi wakiwemo, kwa hiyo nilipolisoma hilo niliweka simu chini kwanza. Lilikuwa goti la bawaba, kama ya mlango. Wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu cha viungo, maradhi yakarudi, na mambo yakaharibika. Miaka ya 1950 mwanzoni, Walldius wa Uswidi akaja na bawaba nyingine, ya kisasa zaidi, na hizo nazo zikawa zinalegea. Fundi yeyote angeweza kusema kwa nini. Goti halikunji kama mlango. Unapokunja, mfupa wa paja unabingirika na kuteleza kwenda nyuma, upande wa nje ukisafiri zaidi kuliko wa ndani, kwa hiyo mguu unajizungusha kidogo. Ukiweka bawaba inayokataa kuzunguka, ule mzunguko haupotei. Unahamia kwenye mfupa na kinachokishikiza kifaa, unavitikisa kila hatua mpaka vilegee. Nimeona boti ngapi zenye injini iliyofungwa kombo, bushi nzuri, na bado baada ya msimu mmoja bolti zote zinacheza!

Aliyegeuza mambo ni Mkanada, Frank Gunston. Alikuwa Wrightington, Uingereza, kwa John Charnley, yule wa nyonga bandia, na mwaka 1968 aliacha kabisa bawaba: akaweka viuno vya chuma juu ya njia za plastiki, vikashikwa kwa saruji maalumu ya mifupa, na kazi ya kulizuia goti lisiyumbe akaziachia ligamenti za mgonjwa mwenyewe, zile kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa. Mwaka 1974, New York, likaja goti ambalo ukilitazama leo utalitambua mara moja: kofia moja inayofunika nyuso zote, plastiki yenye mabonde, na kifungo cha pia. Nusu karne imepita. Kinachouzwa leo, ukiondoa majina na rangi za maboksi, ni wajukuu wa hilo.

Sasa ugomvi wa wajukuu. Ugomvi mkubwa ni juu ya ligamenti moja, ya msalaba ya nyuma, inayozuia muundi usirudi nyuma. (Ile ya mbele, inayowaliza wachezaji mpira, kwenye magoti mengi bandia huondolewa tu.) Kuna aina inayoibakiza hiyo ya nyuma. Na kuna aina, iliyoanza 1978, inayoiondoa na kuweka badala yake kigingi cha plastiki kinachosimama katikati, na mwamba wa chuma kwenye kofia unaokipanda kigingi goti linapokunjwa, ili paja liende nyuma inavyotakiwa. Mkereza akiona hilo la pili anafurahi. Ni kazi ya akili: umeondoa kamba ambayo huwezi kuipima ukaweka nyuso mbili unazoweza kuzipima. Halafu furaha inapungua. Kigingi ni cha plastiki, kwa hiyo umeongeza sehemu nyingine ya kuliwa. Na ili mwamba upate nafasi lazima uchimbe boksi kwenye mfupa wa paja, yaani unatoa mfupa zaidi. Upande wa kwanza nao una mtego wake: ligamenti ikibaki imekaza sana goti halikunji, ikilegea goti linateleza mbele badala ya nyuma. Watu wamelinganisha aina hizi mbili kwa kura za bahati, mgonjwa huyu hivi na yule vile, tena na tena. Maumivu, kutembea, kuridhika: tofauti ya maana haionekani.

Mimi lakini nilipenda lingine kabisa. Tangu 1977 kuna magoti ambayo plastiki yake haikufungwa kwenye kisahani, inazunguka juu yake kama sahani ya kuzungukia ya trela. Nilipoliona niliamka kitandani. Ndiyo! Mabonde yanaweza kuchongwa yakumbatie viuno vya chuma vizuri, mzigo ukaenea eneo kubwa, na ule mzunguko ulioziua bawaba ukamezwa chini ya plastiki. Kwenye karatasi hakuna goti zuri kama hilo. Nililichora upya kwenye daftari kwa vipimo. Nilikuwa nimeshaamua.

Kisha nikasoma matokeo. Halikuwashinda wenzake wa kawaida, kwa maumivu, kwa kutembea wala kwa miaka ya kudumu. Na lina ugonjwa wake peke yake: mara chache plastiki inageuka na kuchomoka mahali pake. Iliniuma kama kwamba mimi ndiye niliyelibuni.

Kuna pia nusu goti, linalobadilisha upande mmoja tu uliosagika, likiacha ligamenti zote. Wanaolipata wanasema linajisikia kama goti la kuzaliwa kuliko goti zima, na kupona ni haraka. Ila utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2019, uliokusanya madaftari ya kitaifa yanayoandikisha magoti yaliyowekwa, ulikadiria kuwa magoti mazima 82 katika 100 yanafika miaka 25, na ya nusu ni kama 70. Msikimbilie hiyo namba. Nusu goti likimsumbua mtu ni rahisi daktari kuamua kulibadilisha. Goti zima likisumbua, anasitasita. Kwa hiyo namba hizi zinahesabu pia ujasiri wa madaktari. Kwa Mama hata hivyo mjadala ulikufa mapema, maana ligamenti ya mbele ilikuwa imekwisha na matege yamekaza.

Nilijifunza jambo moja ambalo wauzaji wangelificha kama wangeweza. Mbunifu anashindana kwenye umbo, lakini mapinduzi mengi yametokea kwenye kitu kisichoonekana. Zamani plastiki ilisafishwa kwa mionzi ikiwa kwenye pakiti yenye hewa, na oksijeni ikaanza kuila kimyakimya ikingali rafuni, ikaja kukatika vipande ndani ya watu. Umbo lilikuwa sahihi, pakiti ndiyo ilikuwa mbovu. Kilichotatua hilo ni kuondoa hewa. Tangu hapo nikipokea mzigo wa nailoni karakanani nautazama kwa jicho jingine.

Ya kuvalishwa bila saruji nayapita. Ni ya watu wenye mifupa imara na pochi imara. Kisahani cha plastiki tupu bila titani, cha bei nafuu, kinafanya vizuri kwa wazee kuliko sura yake inavyoonyesha, lakini wakala wetu hakuwa nacho.

Nikarudi kwa daktari na daftari. Kurasa kumi na moja. Nilimwambia nataka lile linalozunguka, kwamba najua matokeo ni sawasawa, basi kama ni sawasawa si achague lililobuniwa vizuri?

Hakuudhika. Aliuliza, "Fundi, mteja akikuletea bushi ya aina usiyowahi kuikereza, utaitengeneza?"

"Nitaitengeneza."

"Itakuwa nzuri kama ile unayoitengeneza kila siku?"

Nikanyamaza. Nikauliza nililopaswa kuuliza wiki sita nyuma. La kuzunguka ameweka mangapi? Mawili, akiwa masomoni. La kigingi? Karibu kila wiki, kwa miaka tisa. Ana mkono wake kwenye lile, anajua linavyosema likikaza na linavyosema likilegea. Ukisoma madaftari ya Uswidi, yaliyoanza 1975, au ya Australia na Uingereza yaliyofuata, unaona jambo hilohilo: tofauti kati ya goti zuri na goti jingine zuri ni ndogo, tofauti kati ya mkono uliozoea na usiozoea si ndogo. Mfupa ukikatwa kombo kwa digrii chache, plastiki ya upande mmoja inabeba yote. Nimebadilisha bushi za boti miaka 18, na zilizokufa kwa ubovu wa bushi yenyewe nazihesabu kwa vidole. Nyingine zote zimeuawa na shafti iliyopinda, mchanga, au nahodha anayepakia kupita kiasi.

Muda wote huo Mama alikuwa amekaa kimya. Nilipofunga daftari akasema, "Dokta, nitachuchumaa?"

Kurasa kumi na moja, na hilo halikuwemo.

Choo cha Mama ni cha shimo. Kaka yake mkubwa yuko Ngudu, na kwetu mwanamke hamsalimii mkubwa akiwa amesimama, anapiga goti. Mama anamsalimia hivyo tangu akiwa msichana, na hakuwa tayari kumsalimia kama askari wa barabarani. Kuna magoti yanayouzwa kwa jina la kukunja sana, yamekatwa nyuma kidogo ili paja lipate nafasi. Nilimtazama daktari kwa matumaini. Akatikisa kichwa. Walipoyalinganisha na ya kawaida hayakukunja zaidi kwa kiasi cha maana. Kinachotabiri goti litakunja kiasi gani baada ya upasuaji ni lilikuwa likikunja kiasi gani kabla. Kuchuchumaa mpaka chini kunataka digrii zaidi ya 130. Watu wengi baada ya upasuaji wanapata 110 hadi 120. Mama alikuwa ameingia na 95. "Kiti, ngazi, daladala, kanisa, utaweza. Kuchuchumaa, mama yangu, sikuahidi. Kupiga goti hakutakivunja chuma, lakini pengine hutapenda."

Kumbukeni magoti haya na madaftari yake yamekua kati ya watu wanaokaa kwenye vyoo vya kukaa. Sisemi ni kosa la mtu. Nasema nilipokuwa nalinganisha plastiki na plastiki nilikuwa nalinganisha majibu ya maswali yao.

Siku ya upasuaji ilifika Jumanne. Tuliuza ng'ombe watatu wa Magu, na mimi mashine moja ya kuchomelea. Mama hakula tangu saa sita usiku, ameshawekewa dripu, amevua hereni zangu za zawadi ambazo hazivuagi. Saa nne asubuhi daktari akatoka chumba cha upasuaji akiwa na kofia, uso umekunjamana. Magoti haya hayakai hospitalini yote. Wakala anayaleta kwa maboksi siku ya kazi, saizi zote, kwa sababu saizi kamili inajulikana mfupa ukishakatwa na kupimwa kwa vipande vya majaribio. Mama ni mwanamke mdogo. Kwenye maboksi yale saizi mbili za chini za kofia hazikuwemo. Zilitumika wiki iliyopita na hakuna aliyezirudishia.

Wakala alisema tunaweza kuweka inayofuata, "tofauti ni milimita chache tu."

Milimita chache tu! Nilishindwa kujua nicheke au nimshike shati. Daktari alimjibu kabla yangu, tena kwa upole ambao mimi sina: chuma kikizidi ukingo wa mfupa, kinasugua nyama kila hatua, na mama huyu atalia miaka yote kwa goti ambalo kwenye karatasi ni zuri. Akaahirisha. Mama akatolewa dripu, akaomba uji. Mimi nilikwenda nje nikakaa kwenye kingo ya maua, na nikiri nilichofikiri: nimesoma majina ya ligamenti kwa Kilatini, na sikuuliza kama kwenye boksi kuna namba yake.

Zilipita siku 16. Safari hii nilikwenda jioni ya kuamkia siku yenyewe, nikamwomba muuguzi mkuu anionyeshe orodha. Aliguna, akaniruhusu. Nikasoma stika moja moja kwa tochi ya simu.

Upasuaji ulichukua chini ya saa mbili, kwa ganzi ya mgongo. Mama anasema alisikia nyundo. Siku iliyofuata walimsimamisha, akanitukana kwa Kisukuma maneno ambayo sikujua anayajua.

Kazi kubwa ilikuwa baada ya hapo, na haina mvuto wa kusimuliwa: barafu, mazoezi, machozi, mazoezi. Mtaalamu wa mazoezi ana kipimo cha pembe kama changu cha karakana, ila chake cha plastiki. Nilileta changu, tukapima wote wawili, tukapata digrii 88 wiki ya tatu, 102 wiki ya nane. Imegota 106. Pembeni ya kovu kuna sehemu haisikii ukimgusa. Walituambia mapema ni vijineva vya ngozi, asiogope. Mguu umenyooka. Majirani wanauliza kama amerefuka.

Katika wiki za mwanzo alikaa kwangu Nyakato, nami nikawa Igogo kila jioni. Choo nimekiwekea kiti nilichokichomelea mwenyewe, fremu ya bomba na ubao wa mninga. Pembeni ya vidato nimeweka bomba la mabati la inchi moja na nusu, nimetoboa jabali kwa drili ya nyundo, bolti kila mita moja na nusu, nikamwaga saruji. Jabali la Igogo limeniua biti saba. Sasa mlima mzima unaishika hiyo reli. Watoto wameshaanza kuitelezea, na juzi nimekuta mtu ameanikia godoro.

Desemba tulikwenda Ngudu. Nilimwona Mama anasimama mbele ya kaka yake, anashika kiti, anapiga goti la kushoto, lile la zamani, la kulia akalinyoosha nyuma kama mcheza ngoma. Mjomba akamshika mkono haraka, "Wabeja, wabeja, inuka." Kumbe na yeye alikuwa ameshapigiwa simu.

Mwezi uliopita ilikuwa eksirei ya mwaka mmoja. Tulipewa filamu, Mama akaiinua dirishani kuelekea ziwani, kama anavyokagua noti. Kofia nyeupe kabisa juu, kisahani cheupe chini. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Baba, mbona katikati hamna kitu?"

Nikacheka, kisha nikaona swali lenyewe ni zuri. Plastiki haionekani kwenye eksirei. Chuma kinaelea juu ya chuma, na kati yao kuna mstari mweusi kama hewa ambao ndio unabeba uzito wake wote, vidato 83 kwenda na 83 kurudi. Nikamweleza kwamba daktari haangalii vyuma sana, anaangalia huo weusi: ukibaki upana uleule mwaka hadi mwaka, plastiki ipo, ukianza kuwa mwembamba upande mmoja, inaliwa.

"Sasa upana wake ni ngapi?"

Filamu inakuza kidogo, kwa hiyo kipimo chake si unene halisi, lakini mwakani itakuza vilevile wakiipiga vilevile. Nilichomoa venia, kipimo changu cha milimita, mfukoni, nikabana mstari huo juu ya kioo cha dirisha. Ndani milimita 9.8. Nje milimita 9.9. Nimeandika kwa penseli kwenye bahasha, na tarehe, na bahasha iko karakanani juu ya kabati la biti, ikingoja ya mwakani.